Ndoo ya Bati na Unga wa Sumaku

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu husema nilizaliwa na safari, na kwamba hata tumboni nilimchosha kwa mateke. Masika ile niliyoipitisha nyumbani kwetu Lipangalala nilikuwa nimezidi: chai nilikunywa nimesimama, wali nilikula huku nikienda dirishani na kurudi, na kila simu ilipolia niliirukia. "Kaa chini, mama, utaichosha sakafu," aliniambia. Nilimjibu kwa ukali kwamba sakafu ni ya saruji, haichoki.

Kilichoninyima utulivu ni chupa sita ndogo za kioo. Kila moja ilikuwa na unga wa rangi ya kahawia iliyokoza, usiofika hata kijiko cha chai. Nilizipanga juu ya kabati la vyombo, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata kwa kufuta vumbi.

Unga ule ndio ulikuwa shahada yangu ya pili. Maabara ya chuo ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na msimamizi wangu alikuwa amechoka kuniona nikizungukazunguka ofisini kwake. Akaniruhusu nikaupikie nyumbani, maana upishi wenyewe ulihitaji moto, uangalifu na uwanja wa wazi tu. Kupima ndiko kulihitaji mashine, na mashine ilikuwa mbali. Yeye mwenyewe alikuwa anasafiri kuifuata. Alinitumia ujumbe wa sauti ambao niliusikiliza mpaka nikaukariri: chupa zote sita ziwe kwenye basi la Jumatatu, na ziwe zimepangika. Zikija ovyo, mada ile tunaifunga.

Mada ikifungwa nilijua nitakapoishia. Kule Kibaoni kulikuwa na shule iliyohitaji mwalimu wa kemia, na mama alikwishazungumza na mwalimu mkuu. Tangu baba alipofariki mama alikuwa peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, na dada yangu ameolewa Uchindile, huko kwenye mashamba ya miti. Mama hakuwahi kunificha kwamba alitaka nibaki. "Kibaoni unakwenda kwa baiskeli," alisema. "Mchana unarudi, tunakula." Nilimpenda, na wazo la kurudi kila mchana kula wali ule ule, kwenye meza ile ile, lilinifanya nitake kuruka ukuta.

Niseme nilichokuwa napika, maana majirani waliouona moshi walikuwa na maelezo yao. Kinaitwa feraiti. Ni mchanganyiko wa chuma na metali nyingine, kwangu mimi magnesiamu, uliosagika kwa asili yake mpaka chembe haionekani hata kwa darubini ya shuleni. Chembe hizo hufuata sumaku ikisogezwa karibu, na ikiondolewa zinasahau, kila moja inakwenda zake. Ndiyo maana zinafaa kusafishia maji: unazitia, zinashika uchafu, kisha unazivuta zote na sumaku kutoka nje ya chombo. Kisima chetu kina maji yanayogeuza shati jeupe kuwa la rangi ya chai. Nilikuwa na sababu zangu za kulipenda jambo hili.

Ila feraiti ya magnesiamu inavutwa kivivu. Ndani ya kila chembe, atomi za chuma zimekaa kwenye viti vya aina mbili, na kila atomi ni kisumaku kidogo. Za viti vya aina moja zinavuta upande huu, za aina ya pili zinavuta upande ule. Ni mchezo wa kuvuta kamba kama wa shule ya msingi. Nguvu ya sumaku tunayoiona nje ni ile ziada ya kundi kubwa baada ya kushindana na kundi dogo. Sasa ukitia ioni za zinki kidogo, zinaingia humo ndani na kuchukua viti vya kundi dogo. Zinki haina usumaku kabisa, imeshika kamba lakini haivuti. Kundi kubwa linapata nafuu, na unga mzima unakuwa na nguvu zaidi kuliko mwanzo, ingawa ulichoongeza hakina nguvu yoyote. Siku niliyolielewa hili nilicheka peke yangu kwenye maktaba mpaka nikatolewa nje.

Halafu kuna nusu ya pili. Ukiongeza zinki ikapita kiasi, kundi dogo linakwisha, na lile kubwa, likikosa wa kushindana naye, nalo linalegea. Waliokuwa wamenyooka kwa sababu ya kuvutwa upande wa pili wanaanza kila mmoja kuangalia kwake. Nguvu inashuka. Chupa zangu sita zilitakiwa zionyeshe safari hiyo yote: ya kwanza haina zinki hata chembe, zinazofuata zinaongezeka, nguvu ipande, ifike kilele, kisha ianguke.

Nilipikia nyuma ya jiko la mama, upande ambao upepo hauingii ndani. Nilichanganya chumvi ya chuma na ya magnesiamu kwenye maji safi, nikaongeza maji ya ndimu yaliyochujwa, nikaweka bika, ile bilauri ya kioo ya maabara, kwenye mchanga wa moto juu ya jiko la mkaa. Maji yanapungua, yanakuwa uji, uji unakuwa gundi, kisha gundi inajiwasha yenyewe. Moto unatambaa kutoka pembe moja hadi nyingine huku ukitoa moshi mbaya wa kahawia, na kinachobaki ni majivu mepesi yaliyoumuka. Hayo majivu ndiyo feraiti. Mama alitazama mara moja tu, akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye mboga zake.

Tano zenye zinki nilizipika bila matatizo. Ile isiyo na zinki niliiacha ya mwisho kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Ijumaa moja niliandaa mchanganyiko wake, nikauacha utulie kwenye bika juu ya meza ya jikoni, na Jumamosi nikapanda treni kwenda Uchindile kumwona dada, aliyekuwa amejifungua. Nililala huko. Mtoto alikuwa mzuri, mkunjamano tu wa uso na sauti, lakini hata nikiwa nimempakata miguu yangu ilikuwa inachezacheza. Dada akaniambia nimpe mtoto wake kabla sijamtia ugonjwa wangu.

Jumapili jioni nilirudi. Bika ilikuwa mezani pale pale nilipoiacha. Niliona rangi imepauka kidogo, ile rangi ya chai kali imekuwa kama chai iliyotiwa maji, nikadhani ni mwanga wa jioni. Nikawasha mkaa, nikapika. Jumatatu asubuhi nikachukua sumaku yangu, niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, nikamwaga unga kidogo juu ya karatasi na kuisogeza sumaku chini yake taratibu.

Unga uliruka. Sumaku ilikuwa bado mbali, nao ukasimama wima wote kama manyoya ya paka mwenye hasira. Nikauweka pembeni, nikajaribu chupa ya pili, yenye zinki kidogo. Unga wake ukawa mvivu kuliko wa kwanza. Chupa ya tatu ndiyo ililingana nayo.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikaa chini, na mama alipoona nimekaa alikuja mbio kuuliza nani amekufa.

Shida ilikuwa hii. Yote niliyotaka kusema kuhusu zinki yalisimama juu ya ile chupa ya kwanza. Ikiwa isiyo na zinki ina nguvu sawa na yenye zinki, basi zinki haikufanya kitu, au mimi sijui nilichofanya. Na chumvi ya chuma niliyobakiwa nayo ilitosha mara moja tu. Nikiipika bila kujua kosa lilitoka wapi, litarudi lile lile, na basi la Jumatatu ijayo litaondoka bila mzigo wangu.

Wiki ile sitaki hata kuikumbuka. Nilishuku ndimu, nikaenda sokoni kumhoji mama muuza ndimu kama polisi, akanitimua. Nilishuku kijiko, nikashuku mchanga, nikaumwaga wote na kwenda kuchota mwingine mtoni, nikarudi na matope mpaka magotini. Nilishuku mkaa. Nilimuuliza mama kama kuna mtu aliingia jikoni nikiwa Uchindile, na nilimuuliza vibaya, kwa sauti ya mtu anayemtuhumu mwizi. "Hakuna mtu aliyeingia," alisema, akaendelea kumenya mihogo. Siku ya pili nikauliza tena. Siku ya tatu nikapiga meza na kusema kwamba katika nyumba hii haiwezekani mtu akaacha kitu akakikuta kilivyo. Mama alininyamazia. Si kawaida yake kuninyamazia. Sisi wawili hujibizana tangu asubuhi, ndivyo tunavyosalimiana.

Mwalimu mkuu wa Kibaoni alipiga simu Alhamisi. Nilimsikia mama akimwambia, "Jumatatu atakuja, mwalimu. Nadhani atakuja." Sikumgombeza. Nilijua amehesabu sawasawa.

Jumamosi asubuhi mvua ilipumzika. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na ungo magotini, anachambua mchele, nami naizunguka nyumba, sumaku mkononi, nikipita mbele yake kila mara kama ng'ombe wa kuzungusha kinu. Nilipopita tena akasema bila kuinua macho, "Acha kuzunguka. Njoo ukae hapa nikwambie kitu."

"Niambie tu, nasikia."

"Nimesema kaa."

Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Jumamosi ile uliyokwenda kwa dada yako," alisema, "radi ilipiga sana. Ilipiga mpaka mnazi wa kule kanisani. Nilifunika kioo, nikafudikiza sufuria. Nikaikumbuka ile bilauri yako kubwa, inang'aa mezani, tena ina maji ndani."

"Inaitwa bika."

"Hiyo hiyo. Niliizungushia kanga nikaiweka chini ya kitanda."

"Na dawa iliyokuwemo?"

"Niliimimina kwenye ndoo, nikafunika. Asubuhi nikairudisha kama ilivyokuwa. Sikumwaga hata tone."

Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kucheka, vyote pamoja. Lakini ningemchekaje? Radi ikianza, kwetu kila kitu kinachong'aa hufichwa, na hakuna anayetoka nje amevaa nyekundu. Nimelelewa hivyo. Hata chuoni, na somo la umeme nimelifaulu vizuri, mawingu yakinguruma nakitupia taulo kioo cha ukutani kabla sijajua ninachofanya. Ningekuwepo siku ile, huenda bika ningeificha mimi.

"Ndoo gani, mama?"

Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye upenu. Pale palikuwa na ndoo yake ya bati, aliyokuja nayo akiwa bibi harusi kutoka upande wa Mahenge, ikavushwa mtoni kwa kivuko enzi ambazo hakukuwa na daraja. Maji ya kunywa ya nyumba yetu yalikaa humo miaka yote niliyoijua. Aliisugua kwa majivu kila Jumamosi, na ndani ilikuwa na ule mng'ao wa kijivu wenye maua maua.

"Tangu siku ile inaota kutu," alisema. "Nasugua, inarudi. Maji nimeyahamishia kwenye plastiki."

Niliiinamia. Ndani, kuanzia chini, bati lilikuwa jekundu kama tofali, na ule wekundu ulikoma kwenye mstari ulionyooka kuizunguka ndoo pande zote. Juu ya mstari, mng'ao ulikuwepo kama zamani. Niliweka kidole kwenye mstari. Nilijua kabisa kilichokuwa kimefika pale na kusimama usiku kucha.

Ndoo ya bati ni chuma kilichopakwa zinki. Mchanganyiko wangu ulikuwa na tindikali, tena yenye ndimu. Ulikuwa umeirambaramba ile ngozi ya zinki usiku mzima, nami nikaja kuupika nikijua hauna zinki. Ndiyo maana rangi ilipauka. Ndiyo maana unga uliruka. Sikuwa nimekosea kitu. Chupa ya kwanza ilikuwa imetiwa zinki na mama yangu, kwa kipimo ambacho hata Mungu pengine hakukiandika.

Niliruka. Nilimshika mabega nikamtikisa mpaka mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo, nikasema maneno mengi kuhusu viti na kamba na kundi dogo, nikamwambia ameniokoa, ameokoa kila kitu. Alikuwa ananitazama tu, huku akiokota punje moja moja kutoka kwenye kanga yake.

"Mbona hukusema siku zote hizi?" nikamuuliza. Nilikuwa bado nacheka.

"Kwanza niliogopa utafoka," alisema. "Ungefoka."

"Ningefoka, ndiyo."

"Halafu mwalimu mkuu akapiga simu." Akapepeta kidogo. "Nikaona kumbe nikikaa kimya, Jumatatu unakwenda Kibaoni kwa baiskeli."

Kicheko kilinikauka. Niliona wiki nzima upya: mihogo, kimya chake, mimi ninavyopiga meza na yeye amelishika mkononi lile neno moja ambalo angelimeza tu, nami ningebaki. Hakuna ambaye angejua. Mimi mwenyewe nisingejua, ningefundisha kemia Kibaoni mpaka nistaafu huku nikilaumu ndimu.

"Kwa nini umesema, mama?"

"Kwa sababu hulali," alisema. "Unatembea mpaka asubuhi, nakusikia. Mtu hawezi kukaa na mtoto anayetembea hivyo halafu akasema amebaki naye."

Niliinama nikaokota punje zilizoanguka chini, nikazirudisha kwenye ungo.

"Dawa iliyobaki inatosha kupika tena?" akauliza.

"Mara moja."

"Basi kapike." Akasimama, akaweka ungo juu ya kinu, akatoa simu kwenye pindo la kanga.

"Unampigia nani?"

"Mwalimu mkuu. Atafute mtu mwingine."

"Mama, subiri kwanza tuone unga utakavyokuwa. Inawezekana nimekosea."

"Nisubiri nini?" alisema. "Umeona ndoo." Akaenda nayo simu upande wa mbele, nami nikamsikia akimsalimu mwalimu kwa sauti yake ya kanisani, akimuuliza hali ya watoto, mvua, mpunga, kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

Mimi nilipika. Mara hii bika sikuiacha, nilikaa nayo tangu maji hadi moto, na nadhani ndiyo mara pekee katika maisha yangu niliyokaa mahali pamoja asubuhi nzima. Gundi ilijiwasha, moshi ukapanda juu ya migomba, majivu yakaumuka. Yalipopoa mama alikuja na kuomba sumaku aishike yeye. Nikamwaga unga juu ya karatasi. Aliisogeza sumaku chini yake taratibu kama alivyoniona nikifanya, akaisogeza zaidi, na ilipokaribia kabisa ndipo unga ukajikokota kidogo, kwa uvivu, ukasimama.

"Hauna nguvu," alisema.

"Hauna, mama. Ndivyo unavyotakiwa uwe."

"Ule wangu ulikuwa na nguvu."

"Ule wako ulikuwa na nguvu sana."

Alitikisa kichwa. Aliomba ule wa kwanza, wenye zinki ya ndoo yake, asiutupe mtu. Nikamtilia kwenye kikopo cha dawa ya mafua kilichokwisha, akakiweka nyuma ya picha ya baba. Ile sumaku ya spika nayo nilimwachia.

Jumatatu mawingu yalikuwa yametanda kutoka milimani tangu alfajiri. Nilikuwa nimekata tiketi. Sikutaka kuzikabidhi chupa zangu kwa kondakta, nilizipeleka mwenyewe. Bajaji ilikuwa inapiga honi nje, na mimi, ambaye nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa kuhesabu saa, nilikuwa nazunguka sebuleni natafuta kitu nisichokijua. Mama alizitoa chupa sita kwenye kabati moja baada ya nyingine. Kisha akaenda chumbani, na nikasikia ngurumo ya kwanza ikipita mbali juu ya bonde.

Alirudi na ile kanga yake ya kufunikia kioo. Akazizungushia chupa zote, akakunja, akakunja tena, akafunga fundo, akaweka bunda lile kwenye begi langu katikati ya nguo.

"Njiani kuna radi," alisema.

"Na kioo chako utakifunika na nini?"

"Wewe nenda," alisema mama. "Mimi nitakaa nacho mbali."